Wanahariri Vizuri, Lakini Hawajui Picha Zao Ziko Wapi

Mpendwa Mshauri,

Ninajitolea kufundisha watu wazima namna ya kupanga na kuhariri picha za kidijitali kwa kutumia programu za kompyuta. Darasa langu ni mchanganyiko: yumo mstaafu anayetaka kutengeneza albamu ya familia yake, yumo fundi cherehani anayehitaji picha safi za nguo anazoshona ili wateja wazione, na wamo vijana ambao simu zao zimejaa kiasi kwamba hazipokei picha nyingine. Wote wana hamu ya kujifunza, na hakuna aliyewahi kutumia programu ya picha kabla ya kujiunga na darasa hili.

Mtaala niliokabidhiwa unaanza na kuhariri, na somo la kupanga picha limewekwa mwishoni kabisa. Matokeo yake ni kwamba wanafunzi wanajua kuongeza mwanga, kukata kingo na kurekebisha rangi, lakini kila kipindi kinaanza kwa kusaka picha zilizohaririwa kipindi kilichopita, na mara nyingi hazionekani. Wengine wana nakala kadhaa za picha ile ile na hawajui ipi ni ya asili.

Wawili kati yao wananitia wasiwasi zaidi. Mama mmoja, alipokuwa akisafisha kompyuta yake, alihamisha folda ya picha kutoka diski moja kwenda nyingine. Alipofungua programu alikuta kila picha ina alama ya mshangao na haiwezi kuhaririwa. Anaamini kwamba picha za marehemu mama yake zimepotea, na tangu siku hiyo anaogopa kugusa chochote. Mwingine alipunguza ukubwa wa picha ili aitume kwa barua pepe, akaihifadhi juu ya ile ya asili, na sasa anataka kuichapisha kwa ukubwa wa kutundika ukutani.

Zaidi ya hayo, baadhi yao wananiuliza kwa nini wajisumbue na vitelezi vyote hivyo vya kurekebisha mwanga na rangi wakati programu ina kitufe cha kurekebisha picha chenyewe. Naomba unishauri: nianze na nini, nitumie programu gani, na hao wawili niwaambie nini?

Mwalimu wa Kujitolea

*

Ndugu Mwalimu,

Niruhusu nianze na hao wawili, kwa kuwa shida yao haiwezi kusubiri mtaala urekebishwe.

Kwa maelezo uliyonipa, picha za mama huyo hazijapotea. Programu nyingi za kupanga picha hazitunzi picha ndani yake. Zinatunza katalogi, yaani orodha inayoeleza kila picha iko kwenye diski gani, folda gani na kwa jina gani, pamoja na marekebisho yaliyofanywa juu yake. Ni kama daftari la maktaba: mtu akikihamisha kitabu kwenda rafu nyingine bila kumwarifu mkutubi, daftari litaendelea kuelekeza kwenye rafu tupu, ilhali kitabu kipo. Lightroom Classic huweka alama ya mshangao kwenye picha isiyoiona na alama ya kuuliza kwenye folda yake. Darktable huonyesha fuvu la kichwa, na si ajabu anayejifunza akashtuka akiliona. Katika Lightroom Classic tiba yake ni kubofya folda hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kuchagua amri ya kutafuta folda iliyokosekana, kisha kuionyesha programu mahali folda ilipo sasa. Alama zitaondoka, na marekebisho yote aliyokuwa amefanya yatarudi pamoja na picha. Hata hivyo, kabla ya kugusa programu hiyo, mfungulie kwanza folda yenyewe katika kidirisha cha kawaida cha faili za kompyuta, azione picha za mama yake kwa macho yake, kwa sababu hakuna maelezo yatakayomtuliza kabla hajaziona. Kisha mpe kipanya afanye hatua zote kwa mkono wake mwenyewe huku wewe ukimwelekeza kwa maneno tu. Akiona kwamba ameirudisha folda yeye mwenyewe, atapata tena ujasiri ambao hataupata kwa kukutazama wewe ukimfanyia.

Huyo wa pili anastahili kuambiwa ukweli bila kuzungushwa. Picha ikishapunguzwa na kuhifadhiwa juu ya ile ya asili, pikseli zilizoondolewa, yaani nukta ndogo zinazounda picha, haziwezi kurudishwa kwa kuikuza tena. Programu itakisia tu cha kujaza nafasi, na uso wa mtu utatoka laini kama uliofunikwa na ukungu. Mwonyeshe kwa hesabu. Uchapishaji mzuri wa picha ya kushika mkononi hukadiriwa kwa pikseli 300 kwa inchi, hivyo picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji takriban pikseli 1200 kwa 1800. Kama faili yake sasa ina pikseli 640 kwa 480, kwa kiwango hicho itatosha karatasi ya upana wa sentimita 5 na nusu hivi. Picha ya ukutani hutazamwa kwa mbali na huweza kuvumilia pikseli chache kidogo kwa kila inchi, lakini si chache kiasi hicho. Kinachobaki ni kutafuta nakala nyingine: kadi ya kumbukumbu ya kamera, simu iliyopiga picha hiyo, hifadhi ya mtandaoni, diski ya nje, au mtu aliyewahi kupewa faili nzima. Kama kadi hiyo haijatumika tangu picha zifutwe, mwambie asiitumie kabisa kwa sasa, maana zipo programu za kurejesha faili zilizofutwa, na kila picha mpya inayopigwa huweza kuandikwa juu ya ile anayoitafuta.

Nikija kwenye swali lako kuu, shida za wanafunzi hawa wote wawili zina chanzo kimoja, na ndicho pia chanzo cha kule kusaka picha mwanzoni mwa kila kipindi. Wanajua kinachotokea kwenye kioo, lakini hawajui picha yenyewe inakaa wapi na ipi kati ya nakala zake ndiyo ya asili. Kwa maoni yangu, mtu asiyejua mambo hayo mawili hapaswi kufunguliwa kitelezi hata kimoja, kwa kuwa kila anachojifunza kinamwongezea uwezo wa kuharibu asichoweza kukirudisha. Kwa hiyo nakushauri uupindue mtaala: kupanga kuje mwanzo, na kuhariri kufuate.

Kipindi cha kwanza usifungue programu ya picha kabisa. Kila mwanafunzi alete picha zake chache, ambazo ni nakala na si za asili, kisha achague moja tu. Aifungulie folda yake na aandike kwenye karatasi anwani yake kamili: diski, folda, folda iliyo ndani yake, jina la faili. Ainakili kwenda folda nyingine, abadilishe jina la nakala, kisha aeleze kwa maneno yake ni faili ngapi zipo sasa na ipi ni ya asili. Baada ya hapo abofye faili kwa kitufe cha kulia na afungue sifa zake. Hapo wengi hushangaa, kwa sababu hukuta tarehe na saa picha ilipopigwa, aina ya kamera, muda ambao lango la mwanga lilikaa wazi, na pengine hata mahali picha ilipopigwa kwa vipimo vya ramani. Taarifa hizo zinaitwa EXIF, kiwango kilichoanzia Japani mwaka 1995, na ndizo programu inazozitegemea inapopanga picha kwa tarehe. Saa ya kamera ikiwa imekosewa, picha nzuri ya juzi itajipanga katikati ya picha za miaka mingi iliyopita na mwenyewe ataapa kwamba imepotea. Programu za kupanga zina amri ya kusogeza saa ya picha nyingi kwa pamoja, waonyeshe mapema.

Hapo hapo wafundishe kuitambua nakala iliyopita kwenye WhatsApp, maana simu za vijana wako bila shaka zimejaa nakala hizo. Kwenye simu za Android jina lake huwa na muundo kama IMG-20230415-WA0003. Tarehe iliyomo kwenye jina si ya kupigwa kwa picha bali ya kutumwa au kupokelewa, taarifa za EXIF huwa zimeondolewa, na picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida huwa imebanwa ikawa ndogo kuliko ya asili. Mwanafunzi anayelijua hilo ataacha kuhangaika na nakala zake zote na kwenda moja kwa moja kwenye ile iliyotoka kwenye kamera.

Kuhusu majina ya folda, shikilia jambo moja tu: mwaka utangulie, ufuatwe na mwezi, kisha siku, kwa mfano 2024-08-17, halafu neno moja au mawili ya kueleza tukio. Kompyuta hupanga majina kuanzia kushoto, hivyo aliyeandika 05-12-2024 na 17-03-2021 atakuta picha za 2024 zimetangulia zile za 2021. Wazuie kabisa kutengeneza folda kwa majina ya watu. Mstaafu wako atatamani kufanya hivyo, na atakwama kwenye picha ya kwanza yenye mtoto, mjukuu na shangazi kwa pamoja: ama ataiweka kwa mmoja na kuwanyima wengine, ama ataitengenezea nakala tatu. Folda ijibu swali la lini. Nani na nini viandikwe kama maneno muhimu, yaani lebo ambazo picha moja inaweza kubeba nyingi bila kunakiliwa. Na lebo hizo ziandikwe ndani ya faili yenyewe au katika faili ndogo ya XMP inayokaa kando yake, zisibaki kwenye katalogi peke yake. Google ilipoacha kuiendeleza Picasa, programu yake ya kupanga picha, mwaka 2016, programu iliyokuwa tayari kwenye kompyuta iliendelea kufunguka na picha zilibaki kwenye diski, lakini aliyekuwa ameweka mpangilio wake ndani ya programu hiyo tu ilibidi atafute namna ya kuuhamishia kwingine.

Kuchagua picha za kubaki ni somo fupi, ila lina hatari yake. Waache watumie nyota au alama ya kukataa, wakilinganisha picha mbili mbili zinazofanana na kubakiza moja. Kufuta kusifanyike darasani. Picha zilizokataliwa zikae kwanza, na zifutwe tu baada ya nakala rudufu, yaani nakala za akiba, kuwepo na mwenyewe kuzipitia tena akiwa ametulia.

Nakala rudufu ndipo ningekuomba ukae muda mrefu kuliko mtaala wowote unavyokuruhusu, kwa sababu mwanafunzi asiyejua kitelezi cha mwanga atabaki na picha yenye giza, lakini asiyejua nakala rudufu atabaki bila picha. Kanuni inayotumiwa na wapigapicha wengi ni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila picha, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mahali tofauti na nyumbani. Kadi ya kamera isifutwe kabla picha hazijafunguliwa na kuonekana katika sehemu mbili. Tena eleza kwa mkazo kwamba kusawazisha simu na hifadhi ya mtandaoni si sawa na kuwa na nakala rudufu. Huduma nyingi za kusawazisha hufuta kila mahali kile kilichofutwa mahali pamoja. Kijana anayefuta picha ili simu yake ipate nafasi, akiamini kwamba kuna nakala salama mtandaoni, huenda anazifuta zote mbili. Picha zilizofutwa hukaa kwanza kwenye pipa la taka kwa muda maalumu, na kila mmoja ajue pipa hilo liko wapi kwenye huduma anayoitumia. Mwambie kila mwanafunzi ajaribu kwa picha moja isiyo na thamani, aifute kwenye simu na aangalie kinachotokea upande wa pili, kabla hajagusa zile anazozipenda.

Wakifika kwenye kuhariri, wataanza wakiwa hawana hofu, kwa sababu wanajua ya asili iko wapi. Wafahamishe kwamba programu kama Lightroom na darktable haziigusi faili ya asili. Zinaandika maelekezo ya nini kifanywe, na picha iliyorekebishwa huzaliwa pale tu unapotoa nakala mpya. GIMP, programu ya kuhariri picha, hufanya kazi kwa njia nyingine, lakini tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012 amri yake ya kuhifadhi hutunza kazi katika muundo wa XCF, na kupata JPEG, yaani muundo wa kawaida wa faili za picha, kunahitaji amri tofauti ya kutoa nakala. Wanafunzi hulalamikia hatua hiyo ya ziada, ilhali ndiyo inayowapa nafasi ya kufikiri kabla ya kufunika faili ya kwanza.

Katika JPEG kuna imani moja unayopaswa kuisahihisha. Watu husema picha huchakaa kila inapofunguliwa au kunakiliwa, na si kweli. Muundo huo, ambao kiwango chake kilipitishwa mwaka 1992, hutupa sehemu ya taarifa pale picha inapohifadhiwa upya baada ya kufunguliwa katika programu ya kuhariri. Wape zoezi: wachukue picha ya uso wa mtu mbele ya anga, watoe nakala moja kwa ubora wa 90 na nyingine kwa ubora wa 10, kisha wazikuze zote mbili hadi waone ukingo wa shavu. Katika ile ya pili wataona anga limekatika mabaka na ukingo umezungukwa na vijiraba, kila kimoja kikiwa na pikseli 8 kwa 8, kwa kuwa ndivyo JPEG inavyoigawa picha kabla ya kuibana. Aliyeviona vijiraba hivyo hahitaji kukumbushwa kuhariri kutoka kwenye ya asili.

Mpangilio wa kuhariri uwe ule ule kila mara hadi mkono uuzoee: kunyoosha na kukata kingo, kusawazisha weupe (ili kitu cheupe kionekane cheupe), mwanga wa jumla, sehemu angavu na vivuli, ukolevu wa rangi, na ukali mwishoni. Wafundishe kuisoma histogramu, kwa sababu kioo cha kompyuta hudanganya. Kikiwa kimepunguzwa mwangaza, mtu huipandisha picha kupita kiasi bila kujua. Histogramu ya picha ya JPEG huonyesha pikseli zilivyogawanyika kutoka 0, yaani weusi kamili, hadi 255, yaani weupe kamili. Mlima ukijibana kwenye ukingo wa kulia, sehemu hizo za JPEG zimeshakuwa nyeupe tupu na hakuna kitelezi kitakachorudisha mshono au mkunjo uliokuwepo. Faili ya RAW, yenye taarifa nyingi zaidi kutoka kwenye kihisi cha kamera, huacha nafasi kubwa ya kurekebisha, lakini kwa wanaoanza usiiweke katika masomo ya mwanzo.

Kitufe cha kurekebisha chenyewe usikipige marufuku. Waache wakibonyeze, kisha waambie watazame ni vitelezi vipi vimesogea na kwa kiasi gani, na kila mmoja aseme kama anakubali au anakataa, na kwa nini. Fundi cherehani wako atakufaa sana katika somo hili. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba mandhari kwa wastani ina rangi ya kijivu, ndiyo maana gauni jeupe lililojaza fremu hutoka limefifia na koti jeusi hutoka limepauka. Likipigwa chini ya balbu ya rangi ya joto, gauni hilo huongezewa umanjano juu yake. Programu haiwezi kujua kwamba kitambaa kile kilikuwa cheupe na si cha rangi ya maziwa. Fundi anajua, kwa kuwa alikishika. Atumie zana ya kudonoa rangi katika kusawazisha weupe, aidonoe sehemu ya kitambaa anayojua kuwa nyeupe na isiyo angavu kupita kiasi, halafu aupandishe mwanga hadi mlima wa histogramu ukaribie ukingo wa kulia bila kuugonga. Mteja akipokea nguo isiyofanana na picha, atairudisha, na hiyo ndiyo sababu ya kujifunza vitelezi ambayo fundi huyo hatahitaji kushawishiwa kuikubali.

Wanapotoa nakala za kutuma au kuchapisha, ziende kwenye folda yake tofauti, ndogo kwa barua pepe na nzima kwa mchapishaji, na picha zilizopigwa nyumbani ziondolewe vipimo vya mahali kabla ya kuwekwa hadharani.

Kuhusu programu, chagua moja kwa darasa zima, hata kama wapo wenye nyingine wanayoipenda. Kama si wote wanaoweza kulipia Lightroom, digiKam hupatikana bure, hutunza folda kama zilivyo kwenye diski, huandika lebo ndani ya faili ukiiagiza hivyo katika mipangilio yake, na ina sehemu ya kuhariri inayotosha kwa mahitaji uliyoyataja. darktable nayo ni ya bure na ina uwezo mkubwa, lakini wingi wa zana zake humlemea anayeanza. GIMP na Photoshop ziache kwa atakayetaka kuunganisha picha mbili au kuondoa kitu kilichoingia kwenye fremu, na somo la matabaka, yaani kuhariri picha zilizowekwa moja juu ya nyingine, lisije kabla mwanafunzi hajaweza kuipata picha yoyote uliyomtajia kwa tarehe na jina la tukio bila msaada wako. Kwa kuwa mtaala ulikabidhiwa, wape waliokukabidhi taarifa ya mabadiliko haya kabla hujaanza, ukiambatanisha visa vya wanafunzi hao wawili. Sidhani kama watahitaji hoja nyingine.

Mshauri